Anza na kisima: namna ya kusoma maji katika mahame ya kale

Mtu akifika kwenye magofu ya Gede nchini Kenya au Kilwa Kisiwani nchini Tanzania kwa mara ya kwanza, macho yake huvutwa na kuta, milango ya tao na mihrabu. Mwongoza wageni naye huanza na majina ya masultani. Kisima kilichoko pembeni hupitwa hivi hivi, labda mtoto mmoja achungulie na kutupa kijiwe asikie kitachukua muda gani kufika chini. Mimi naona huko ni kuanzia mwisho. Hakuna aliyejenga msikiti wa matumbawe wala jumba la vyumba kumi kabla ya kujua atakunywa nini, atapikia nini na atatawadhia nini. Ukianza na maji, kuta nyingi hujieleza zenyewe: kwa nini mji uko hapa na si kule, nani alikuwa na kisima chake ndani na nani alipanga foleni nje.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mwalimu anayepeleka darasa kwenye magofu, mwanafunzi wa historia, kijana anayeongoza watalii, na mwenyeji aliyezaliwa jirani na mahame na hajawahi kuyatazama kwa utulivu. Hautakufundisha kuchimba, kuchimba kuna wenyewe, na kuna sheria zake. Utakufundisha kutembea, kupima, kuuliza na kuandika. Mifano mingi ni ya pwani ya Kenya na Tanzania, kisha tutapanda bara mpaka Engaruka, ambako habari ya maji ni tofauti kabisa.

Vifaa ni vichache. Daftari na penseli, maana wino hauvumilii jasho. Futi ndefu ya utepe. Kamba nyembamba yenye kizito mwishoni. Simu yenye GPS. Kioo kidogo cha mkononi: ukikishika vizuri jua likiwa juu, mwanga wake unafika chini ya kisima kuliko wa tochi nyingi. Ukiweza, pata na kile kidude cha kupima chumvi kwenye maji ambacho wafugaji wa samaki hutumia. Si ghali, na kitakuokoa na ubishi wa "haya ni matamu", "haya yana magadi".

Hatua ya 1: Omba ruhusa, tena mara mbili

Ruhusa ya kwanza ni ya serikali. Tanzania Bara mahame yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Kulipa kiingilio kunakuruhusu kutazama na kupiga picha. Hakukuruhusu kufukua, kukwangua ukuta wala kutia kigae mfukoni. Ukitaka kushusha kamba ndani ya kisima, mwambie mlinzi kabla hujaitoa kwenye mkoba.

Ruhusa ya pili ni ya wazee wa mahali. Usifike na futi mkononi ukaanza kupima kama fundi aliyeitwa. Toa shikamoo, kaa, eleza unachotaka. Mahame mengi yana watu wake hata kama hayana wakazi. Chukua Takwa, kwenye kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Mji ule uliachwa karne ya 17, na watu wa Shela ng'ambo ya pili wanahesabu asili yao huko. Mpaka zama zetu wamekuwa wakirudi kuzuru kaburi la mnara lililopo pale na kuomba mvua. Sababu inayotajwa sana ya mji huo kuachwa ni visima kuingia chumvi. Mji unaosemekana kukimbiwa kwa ajili ya maji ndio watu wanaorudia kuombea maji. Habari kama hiyo huipati kwa futi, unaipata kwa kukaa barazani.

Hatua ya 2: Jua unashughulika na maji ya aina gani

Kabla ya kugusa kisima, elewa maji yanatoka wapi. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndiyo sababu wanashangaa kuona kisima cha maji baridi hatua chache kutoka ufukweni.

Jiwe la matumbawe lina vitundu tele. Mvua ikinyesha, maji hupenya mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyoingia kwa chini na pembeni. Hayachanganyiki upesi. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo 1, lita moja ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuyafanya maji baridi yaelee juu kama samli juu ya mchuzi. Wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19 na Herzberg mwaka 1901, waliweka hesabu yake: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo.

Hesabu hiyo ina upande wake mchungu. Ukiteka kupita kiasi mpaka maji baridi yakashuka nusu mita, mpaka wa chumvi nao hupanda taratibu, hata mita 20, ukielekea juu. Kwa hiyo mchimba kisima wa kisiwani akiyapata maji huacha kuchimba. Anayetaka maji zaidi huchimba kisima kingine mbali kidogo, haongezi kina. Ukiona mji wa kale wenye visima vingi visivyo virefu, usidhani walikosa nguvu au zana. Walijua walichokuwa wanafanya. Lamu yenyewe imeishi kwa maji ya visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hupokea mvua na kuihifadhi kwa namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo andika mapema: mahame yako yako juu ya matumbawe, mchanga, au mwamba wa bara? Yako umbali gani na bahari? Kuna mto au kijito? Maswali haya matatu yatakuongoza kwenye hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 3: Chora ramani ya visima, si ya majumba

Wengi huchora majumba kwanza halafu wanachomeka visima kwenye nafasi iliyobaki. Geuza. Zunguka mahame yote, kila kisima, birika na shimo kipe namba na alama ya GPS, ndipo uchore kuta kuvizunguka. Vijiti vitatu vya rangi vinatosha: kimoja kwa kisima cha msikiti, kimoja kwa kisima cha nje kisicho na mwenyewe, kimoja kwa kisima kilichofungiwa ndani ya nyumba au ua.

Ramani ikikamilika, itazame kwa umbali. Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walipochimba miaka ya 1980 walikuta kwamba mji ule ulioanza karne ya 8 ulikuwa na kisima katikati, ndani ya eneo la wazi lililozungushiwa uzio, na ndilo eneo hilo ambalo misikiti ilikuja kujengwa. Kitovu cha mji kilikuwa kisima tangu mwanzo. Linganisha na Mohenjo-daro, katika bonde la Indus nchini Pakistan, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Huko inakadiriwa kulikuwa na visima zaidi ya 700 vilivyojengwa kwa matofali, vingi ndani ya nyumba za watu. Mji wa namna hiyo hauna haja ya kukusanyika kisimani. Majirani wake wanakutana kwingine, kama wanakutana.

Swali la kuandika chini ya ramani yako ni hili: mtu wa nyumba iliyo mbali zaidi alitembea hatua ngapi mpaka kwenye maji, na alipita mlango wa nani? Pima kweli, kwa miguu. Ukikuta kwamba kisima cha karibu kimo ndani ya ua wa tajiri, umeshaanza kuandika historia ya mji bila kumtaja sultani hata mmoja.

Hatua ya 4: Kisome kisima chenyewe

Hapa tulia. Kisima kimoja kikisomwa vizuri kina manufaa kuliko kumi vilivyopigwa picha.

Anza na mdomo. Tazama umbo: duara, mraba, au duara juu na mraba chini? Pitisha mkono ukingoni. Katika visima vingi vya zamani utakuta mifuo, yaani mikwaruzo mirefu iliyoingia ndani ya jiwe. Hiyo ni kazi ya kamba, kizazi baada ya kizazi, ndoo ikishuka na kupanda. Chora duara kwenye daftari na uweke kila mfuo mahali pake. Mifuo ikizunguka mdomo mzima, yaelekea watu waliteka pande zote kwa wakati mmoja, na hicho kilikuwa kisima cha umma. Ikiwa upande mmoja tu, tafuta kilichokuwa mbele ya mtekaji: mara nyingi utakuta bakuli la jiwe au mfereji mdogo wa kupeleka maji birikani. Angalizo: mdomo hukarabatiwa, na jiwe lenye mifuo laweza kuwa limetolewa kwenye kisima kingine. Ukiona mfuo unaoanzia pasipo na maana, andika hivyo hivyo, usiurekebishe ulingane na dhana yako.

Kisha tumia kioo, utazame ukuta wa ndani. Unatafuta mahali ambapo ujenzi unabadilika: mawe yaliyochongwa vizuri juu, halafu mwamba mtupu chini, au chokaa ya rangi moja, halafu ya rangi nyingine, au upenyo unaosinyaa ghafla. Mabadiliko hayo mara nyingi maana yake ni kwamba walirudi kuchimba zaidi. Gede ndiyo mfano maarufu. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyechimba pale kuanzia mwaka 1948 mpaka miaka ya 1950, alitaja kuongezwa kina kwa kisima kuwa dalili ya maji kushuka, na akakuhesabu kushuka huko miongoni mwa sababu za mji kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Tutarudi kwenye hoja hiyo, kwa sababu inapendwa mno.

Sasa pima. Shusha kizito mpaka usikie kimegusa maji, weka alama kwenye kamba usawa wa mdomo, kisha kiachie kifike chini na uweke alama ya pili. Umepata kina cha kufikia maji na kina cha maji yenyewe. Andika saa, na andika hali ya bahari: maji yanajaa au yanakupwa, ni bamvua (yanajaa na kupwa sana) au maji mafu (yanajaa na kupwa kidogo). Visima vilivyo karibu na bahari hupanda na kushuka pamoja nayo, na kipimo kisicho na saa hakilingani na kipimo cha mtu mwingine. Ukipata nafasi, pima kisima hicho hicho maji yakijaa kisha yakikupwa. Tofauti ikiwa kubwa, mwamba hapo unapitisha maji kwa urahisi.

Mwisho ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye chini ya miligramu 600 hivi za chumvichumvi zilizoyeyuka kwa lita huwa na ladha nzuri, na yakizidi 1,000 huanza kukataliwa na ulimi. Bahari ina takriban 35,000. Usiyaonje maji ya kisima cha mahame hata yakiwa maangavu. Kidude kipo kwa kazi hiyo. Na kumbuka jambo hili unapoandika: maji unayoyapima leo si ya mwaka 1500. Jirani kunaweza kuwa na hoteli yenye pampu, mashamba, visima virefu vya kisasa. Ukikuta kisima kina chumvi, unajua kina chumvi sasa. Hilo tu.

Na tafadhali, usishuke ndani. Visima vilivyoachwa hukusanya hewa mbaya isiyo na harufu, kuta zake zimelegea, na nyuki na nyoka wanavipenda. Kila unachohitaji utakipata ukiwa juu.

Hatua ya 5: Yafuate maji mpaka msikitini na jumbani

Msikiti wa kale wa Waswahili ni mahali pazuri pa kujifunza kwa sababu safari ya maji yote inaonekana. Katika ua wa msikiti mkubwa wa Gede vipo kisima, mfereji mdogo wa kupitishia maji na birika. Simama kisimani, ufuate njia ya maji kwa miguu mpaka unapofika mahali ambapo mtu angeketi kutawadha. Njiani angalia urefu wa vitu kutoka chini: bakuli la kumiminia liko juu kuliko mfereji, mfereji uko juu kuliko birika. Mtekaji alinyanyua ndoo mara moja, mteremko ukamaliza kazi. Chini karibu na birika, katika misikiti mingi ya pwani, utakuta mawe magumu ya kukwaruzia nyayo, yamelainika kwa miguu ya watu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya msikiti iliyo karibu zaidi na waliokuwa wakiutumia. Mihrabu ilijengwa na fundi mmoja, mawe yale yamelainishwa na mtaa mzima.

Ukifika kwenye birika, chungulia sakafu yake. Katika nyumba na misikiti ya Lamu na jirani zake kulikuwa na desturi ya kupachika bakuli la kaure chini kabisa, na kufuga samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, samaki hujikusanya bakulini na kuishi mpaka birika lijazwe tena. Watu hudhani kaure ya China ilikuwa pambo tu.

Halafu piga hesabu ya jasho. Pima urefu, upana na kina cha birika kwa mita, uzidishe. Birika la mita 2 kwa mita 1 kwa sentimita 80 lina mita za ujazo 1.6, yaani lita 1,600. Hizo ni ndoo 80 za lita 20, na mtungi wa udongo hauchukui kiasi hicho bila kumvunja mgongo anayeubeba. Zidisha kwa mara ambazo birika lingehitaji kujazwa kwa wiki. Sasa nenda na hesabu hiyo Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani. Jumba lile lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, na ndiye aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipopita Kilwa mwaka 1331. Ndani yake kuna bwawa la kuogea la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Pima, zidisha, kisha jiulize maji yale yalifikaje pale na kwa mikono ya nani. Bwawa la starehe katika kisiwa kinachotegemea mvua iliyopenya ardhini ni tangazo la mamlaka kuliko ngome yoyote.

Hatua ya 6: Tafuta maji yalikotokea nje

Hii watu huiona aibu, wakaipita haraka. Nyumba za mawe za Gede zilikuwa na vyoo vya shimo na mahali pa kujisafishia kwa maji, mambo ambayo miji mingi ya dunia ya wakati ule haikuwa nayo. Weka kila choo kwenye ramani, kisha pima umbali mpaka kisima cha karibu. Kipimo kinachotumika sana siku hizi ni mita 30 au zaidi, na juu ya matumbawe hata hizo zinaweza zisitoshe kwa sababu jiwe linapitisha kila kitu. Umbali mfupi kuliko huo si ushahidi kwamba watu waliugua. Ni sababu ya kumwomba mtaalamu achunguze.

Hatua ya 7: Ukiwa bara, fuata mfereji

Engaruka iko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, kati ya Mto wa Mbu na Ol Doinyo Lengai. Mvua ni haba pale, ardhi ina vumbi na ng'ombe wa Wamasai. Lakini kuanzia karne ya 15 hivi mpaka ya 18 watu walilima hapo eneo la takriban kilomita za mraba 20, kwa maji ya mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Waliacha mifereji iliyopangwa mawe, mashamba yaliyogawanywa kwa kuta fupi, na vijiji kwenye miteremko. Mtama ni miongoni mwa mazao yaliyothibitishwa kwenye uchimbaji. Msafiri Mjerumani Gustav Fischer alipita pale mwaka 1883 na kuandika juu ya mawe hayo, mwanaakiolojia Louis Leakey akafika mwaka 1935, na tangu hapo wataalamu hawajaacha kurudi.

Kwenye mahame ya namna hii usianze katikati ya mashamba. Panda mpaka maji yanapotoka mlimani, utafute mahali ambapo yangeweza kuchepushwa, kisha uteremke nayo. Mfereji mzuri haushuki moja kwa moja. Unabembea kwenye ubavu wa mteremko, ukishuka kidogo kidogo. Rekodi mwinuko kila baada ya hatua hamsini. GPS ya simu haiaminiki kwa mwinuko, basi tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojaa maji, kama mafundi ujenzi wanavyotafuta usawa. Mahali mfereji unapokwenda mkali ghafla, ama ulibomolewa na mafuriko ama si mfereji.

Tazama udongo pia. Daryl Stump na wenzake, waliofanya kazi Engaruka kuanzia miaka ya 2000, walionyesha kwamba sehemu ya mashamba yale yalijengwa ili yakamate tope lililoletwa na maji. Yaani wakulima hawakuleta maji shambani peke yake; walileta na shamba lenyewe, tabaka juu ya tabaka, nyuma ya kuta za mawe. Ukisimama pembeni mwa korongo lililokatiza shamba la zamani, matabaka hayo unayaona kwa macho: laini, mchanga, laini tena.

Kisha tafuta walio hai. Wachaga wana mifereji yao, mifongo, Kilimanjaro, Wapare na Wasambaa wana ndiva za kukusanyia maji, Wasonjo na Wamarakwet wa Kenya wana mifereji inayotumika hadi leo. Waulize mambo ya vitendo: nani hufungua lango, zamu inahesabiwaje, mfereji ukibomoka nani anaitwa, asiyekuja kuchimba anatozwa nini. Mwaka 1957 mwanahistoria Karl Wittfogel alidai kwamba kilimo kikubwa cha umwagiliaji huzaa watawala wa mabavu, kwa kuwa lazima mtu mmoja aamrishe kazi. Kule Marakwet mifereji huendeshwa na koo, na Engaruka kwenyewe hakujaonekana jumba la mfalme. Hoja ya Wittfogel ilinoga kwenye karatasi. Hata hivyo usifanye kosa la upande wa pili ukadhani jirani wa leo ni nakala ya mtu wa karne ya 16. Anakufundisha maswali, majibu yamo ardhini.

Hatua ya 8: Fahamu maabara inaweza kukuambia nini

Hutafanya haya mwenyewe, ila ukiyajua utaweza kusoma ripoti na kumuuliza mtaalamu swali la maana. Mkaa ulionaswa ndani ya chokaa ya ukuta wa kisima hupimwa kaboni yake kujua umri. Mchanga wa chini ya mfereji hupimwa kujua mara ya mwisho ulipoona jua. Viumbe vidogo sana vya majini vyenye magamba ya kioo, ambavyo huitwa diatomu, hubaki kwenye tope kwa karne nyingi. Vipo vya maji baridi na vya maji chumvi, hivyo tope la kisima linaweza kueleza lini chumvi iliingia. Na vitu vilivyodondoka kisimani, mitungi iliyokatika kamba na vigae vya kaure, hupangika kwa zamani zake. Ndiyo maana kisima kilichofukuliwa ovyo na watafuta mali kimepotea hata kama mawe yake yamebaki.

Hatua ya 9: Usiseme "ukame" haraka

Ukifika hapa utakuwa na hamu ya kuhitimisha, na hitimisho litakalokujia ni kwamba maji yaliisha, watu wakahama. Jizuie.

Ushahidi wa ukame upo, tena mzuri. Matope ya Ziwa Naivasha, yaliyochunguzwa na Dirk Verschuren na wenzake na kuchapishwa mwaka 2000, yanaonyesha vipindi vitatu vya ukame mkali baada ya karne ya 13: takriban 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Cha pili kinaangukia wakati Gede inaachwa. Cha tatu kiko karibu na mwisho wa Engaruka. Inavutia sana. Lakini Naivasha iko nyanda za juu, mbali na Gede, na miaka hiyo hiyo pwani ilikuwa na misukosuko mingine: Wareno wameingia biashara ya bahari, Wazimba wamefika mpaka Malindi mwaka 1589, Waoromo wanasukuma kutoka kaskazini. Kisima kilichoongezwa kina kinaweza kuonyesha maji kushuka. Kinaweza pia kuonyesha kwamba watu waliongezeka na kuteka zaidi, au kwamba bado walikuwa na mali na nguvu za kulipa mchimbaji. Mji unaokufa haukarabati visima.

Basi gawanya ukurasa wako safu tatu: nilichokiona, nilichokipima, ninachodhani. Kila sentensi iingie safu moja tu. "Mifuo tisa upande wa mashariki" ni safu ya kwanza. "Maji kwenye mita 11.4, saa 4 asubuhi, yakikupwa" ni ya pili. "Kisima kilitumiwa na watumishi wa msikiti" ni ya tatu, na iandike kwa penseli. Ukirudi msimu mwingine, pima tena mahali pale pale, mwezi wa masika na mwezi wa kiangazi, maana namba moja peke yake haina wa kulinganishwa naye.

Nakala moja mpe mlinzi wa mahame au ofisi ya mambo ya kale ya eneo lako, pamoja na ramani na saa ulizopimia. Nyingine wasomee wale wazee uliowaomba ruhusa, kwa sauti, safu zote tatu. Watakurekebisha ya tatu.